Mke wa Trekta

Alhamisi, 28 Disemba 1995

Na soksi pia! Nilisahau kuandika habari za soksi. Argyris huzivua mlangoni, moja kushoto, moja kulia, kama vile miguu yake imegombana. Nikiwa kwetu nilimsema kaka yangu kwa jambo hilohilo mpaka akanirushia mto. Sasa nikiziona soksi za Argyris najikuta nacheka peke yangu. Naziokota. Juzi nimezinusa — Mungu anisamehe! Ndiyo ndoa hii? Basi kumbe nilichelewa.

Theluji imeanguka tena. Argyris aliamka kabla yangu akawasha jiko, kisha akaja na mikono yake ya baridi akaniwekea mgongoni. Nikapiga yowe. Mama mkwe akagonga ukuta: "Enyi watoto, kuna mgonjwa huko?" Tulicheka chini ya blanketi mpaka machozi.

Lakini habari kubwa ni hii. Mama mkwe (Mama Zafiro, mwenyekiti wa chama cha wanawake, kijiji kizima humwogopa kidogo, na mimi zaidi ya kidogo) ameniita jikoni akaniambia kwamba tarehe nane nitashika birika. Mimi! Kwa sababu ndimi bibi harusi mpya kuliko wote.

Kwetu ng'ambo ya mlima hatuna siku hii, nilikuwa naisikia tu. Tarehe nane Januari wanawake wa hapa Asprokambos hutoka asubuhi na kuwaachia wanaume watoto, jiko na ufagio. Mkahawa wa wanaume unakuwa wetu. Mwanamume akionekana barabarani anamwagiwa maji, hata awe padri. Kisha wanakwenda kumchukua Babo, ndiye mkunga wa kijiji, kwa ngoma na zumari. Anakalishwa kitini, na bibi harusi mpya anamnawisha mikono kwa sabuni ambayo haijatumika, kwa ajili ya watoto wote ambao mikono hiyo iliwapokea. Wanaoingia ni walioolewa tu. Msichana haingii. Mimi naingia! Wakati wa zabibu nilikuwa binti wa mfuga nyuki, leo ni mtu na heshima zangu.

Shida ni kwamba Babo hayupo. Mama Sultana alifariki msimu wa kuchuma pamba, na mkunga mwingine hakuna, watoto wa siku hizi wote huzaliwa hospitali mjini. Mama mkwe amekata shauri: mwaka huu kiti kitakaa kitupu, na ukutani tutaweka picha za wanawake wa kijiji waliotangulia. Wa kwanza kupiga kura, wa kwanza kufanya hiki na kile. Mimi nizikusanye picha na kuandika maelezo chini yake, maana nimemaliza sekondari na mwandiko wangu ni mzuri. Argyris ndiye aliyenisifu. Alimwambia mama yake mwandiko wangu ni kama lesi. Lesi! Mume wangu ni mshairi na hajijui.

Jumamosi, 30 Disemba

Nimezunguka kijiji kizima na Kalliroi, mke wa mwoka mikate, jirani yetu. Anaongea kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Nampenda tayari.

Nyumba ya kwanza tuliuliza: nani alikuwa mwanamke wa kwanza hapa kupiga kura? Bibi mwenye nyumba akajibu bila kufikiri: Evlampia. Alikwenda mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine ndala, kwa haraka, asije akatanguliwa.

Nyumba ya pili: wa kwanza kupata leseni ya kuendesha? Evlampia. Baba yake alipokufa alipanda trekta, akalima heka zote za familia, na wanaume wakasimama kando ya shamba wakingoja apinduke. Hakupinduka.

Wa kwanza kuwa mwanachama wa ushirika wa pamba? Evlampia! Karani alidhani jina limekosewa, akaandika "Evlampios", jina la kiume. Mpaka leo wakimwita mkutanoni wanamwandikia "Bwana". Na yeye huenda, anakaa mstari wa mbele.

Wa kwanza kuvaa suruali? Hapo bibi mmoja alicheka mpaka akashika meza. Evlampia, Jumapili ya Matawi. Padri akamfukuza uwanjani mwa kanisa. Akarudi amevaa sketi — juu ya suruali.

Ukimwondoa marehemu mwalimu Theopisti, wa kwanza kufundisha shule ya hapa, picha zote ni za mtu mmoja. Evlampia na trekta. Evlampia juu ya trekta. Evlampia kaegemea trekta, kakunja mikono, kijana, mzuri kama mwigizaji.

"Shoga," Kalliroi akasema, "huu si ukuta wa wanawake wa kwanza. Huu ni ukuta wa Evlampia."

Nikasema basi vizuri, tarehe nane atajiona mwenyewe! Kalliroi akanyamaza. Kalliroi, akanyamaza! Kisha akaniambia Evlampia hajawahi kuingia siku ile. Hata mara moja.

"Kwa nini?"

"Hajaolewa, mwenzangu."

Nilisimama pale pale kwenye theluji. Ukutani ataingia mara nne, mlangoni haingii!

Kalliroi akaniimbia wimbo walioimba utotoni, wakimkimbilia nyuma: *Evlampia bibi harusi, mumewe hanywi mvinyo, mumewe anakunywa dizeli!* Mpaka leo humwita "mke wa trekta". Si kwa ubaya, akasema. Halafu akafikiri kidogo, akasema labda kidogo kwa ubaya.

Jumapili, 31 Disemba

Nimefika kwa Evlampia. Nyumba yake inatazamana na mkahawa, barabara tu katikati. Trekta iko bandani, nyekundu iliyopauka, imefunikwa blanketi la sufu kama farasi.

Ni mwanamke mkubwa, wa miaka sitini na kitu, mabega kama ya baba mkwe. Nikamwamkia, nikasema mimi ni Lemonia, mke wa Argyris.

"Najua. Wewe ndiye unayepiga mayowe asubuhi."

Nilitaka ardhi inimeze! Akacheka, akanimiminia kigilasi cha pombe ya zabibu, akanipa na kokwa za jozi za kutafuna. Nikamwambia habari za ukuta. Akauliza nani wengine wako ukutani. Nikasema mwalimu Theopisti. Akauliza nani zaidi. Nikatia kokwa mdomoni. Akacheka tena, mpaka kuku wakastuka.

Nikajipa moyo (ile pombe!), nikamwuliza kama anaumia kutoolewa. Swali gani hilo la kumwuliza mtu? Yeye hakukasirika hata kidogo.

"Wanasema sikuolewa. Ni kweli, sikuolewa. Mimi nilioa."

Akaonyesha banda kwa kidevu.

Nimerudi nikicheka njia nzima. Halafu nilipofika mlangoni nikaona soksi za Argyris, moja kushoto, moja kulia, na ghafla machozi yakanitoka. Sijui kwa nini. Mimi nina haki ya kuingia kwa sababu ya soksi hizi tu. Nimefanya nini kingine? Nimependa mtu, basi. Raha tupu! Na yeye aliyelima, aliyepiga kura, aliyefukuzwa kanisani, anakaa ng'ambo ya barabara anasikiliza ngoma.

Ataingia. Nimeamua. Ataingia na atakaa kile kiti.

Jumatatu, 1 Januari 1996

Mwaka mpya! Argyris alinibusu mbele ya baba yake. Sarafu ya ndani ya keki imemwangukia mama mkwe, bahati ya mwaka ni yake, akafurahi mpaka akanishika shavu. Sikusema neno juu ya Evlampia. Mtu hagusi asali wakati nyuki wametulia — baba angejivuna kunisikia.

Jumanne, 2 Januari

Nimesema. Nyuki wametoka.

Mkutano wa chama ulikuwa nyumbani kwetu, wanawake wengi, kahawa na biskuti. Nilipanga picha mezani, wakapita wakizitazama, wakicheka, wakikumbushana. Nikaona ndio wakati. Nikasema kwa heshima zote kwamba ukuta umeshasema nani akalie kiti cha Babo.

Vijiko vikasimama vikombeni.

Mama mkwe akaweka kikombe chini polepole. "Bibi harusi wetu ana moyo mzuri," akawaambia wenzake, siyo mimi. "Ila bado hajatujua. Siku hii bibi zetu waliibeba kutoka Thrake, walikimbia na watoto mgongoni na siku hii mkononi. Ni ya walioolewa. Leo umwingize mmoja, kesho waje wasichana, kesho kutwa waje na wachumba wao watusaidie kucheza!"

Wakacheka. Nikasema, "Lakini mama, yeye ndiye wa kwanza kwa kila kitu."

"Basi awe wa kwanza kubaki nje."

Hapo si wote waliocheka.

"Na Babo ni mkunga," akaongeza. "Evlampia hajamzalisha hata paka."

Bibi mmoja pembeni, mzee sana, akasema kama anaongea na biskuti yake kwamba marehemu Sultana kila mwaka alitenga sabuni moja katika zile alizozawadiwa, akavuka barabara akampelekea Evlampia. Mama mkwe akasema kahawa imepoa, nani anataka nyingine?

Jumatano, 3 Januari

Mama mkwe haongei nami. Anaongea na sufuria. "Sufuria, mwambie mwenye nyumba mpya achote maji."

Argyris alinikuta nalia kwenye kuni. Akakaa juu ya gogo, akanipakata kama mtoto, akanieleza jinsi alivyozaliwa. Alisimuliwa na Evlampia mwenyewe. Baba yake alikuwa Ujerumani kiwandani. Theluji mpaka madirishani. Mama mkwe peke yake na uchungu, na Mama Sultana yuko kijiji cha juu kwa mzazi mwingine. Evlampia akaweka minyororo kwenye magurudumu, akapanda kule juu gizani, akamleta mkunga amekaa juu ya tela, amejifunika magunia, anasali kwa sauti.

"Si mimi tu," Argyris akasema. "Nusu ya timu yetu ya mpira. Sauti ya kwanza tuliyoisikia duniani ni injini. Ndiyo maana ukikoroma napata usingizi mtamu."

Mimi sikoromi! Nimempiga kwa kuni — ndogo. Nampenda mpaka nashangaa kifua kinavyotosha.

Lakini sasa sielewi. Kama ni hivyo, mama mkwe ana nini?

Ijumaa, 5 Januari

Kalliroi, Kalliroi, Kalliroi! Mungu ampe miaka mia na mikate isiyoungua!

Mkutano wa pili, wa kugawana kazi. Nani alete zumari, nani alete mvinyo. Mimi nimekaa kimya kama nilivyomwahidi Argyris. Kalliroi akanyanyua mkono. Akasema ana swali dogo la sheria.

"Sheria inasema nani anaingia?"

"Aliyeolewa," mama mkwe akajibu. "Unalijua hilo tangu ulipozaliwa."

"Haya. Evlampia tunamwitaje hapa kijijini?"

Mtu nyuma akaanza kucheka kabla ya wengine. Kalliroi akaendelea, uso mkavu kama wakili: "Mke wa nani? Semeni, msione haya. Wewe mama mwenyekiti, mke wa nani?"

Mama mkwe akajimiminia kahawa.

"Mke wa trekta! Tumemwita mke miaka yote hii. Tumemwimbia wimbo wa harusi. Mumewe tunamjua hata anachokunywa! Mbona wimboni ni mke, mlangoni ni msichana? Ama tulikuwa waongo, ama ana ndoa kuliko sisi. Ya kwake haijawahi hata kulewa!"

Nyumba ilivunjika kwa kicheko. Bibi wa biskuti alipaliwa, tukampiga mgongoni. Mtu akapiga kelele, na mumewe hamjibu! Mwingine: na akimzima anazimika! Mikono ikapanda yenyewe, bila kuulizwa. Karibu yote. Mama mkwe hakuinua, wala hakupinga. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Haya, aingie," akasema. "Kiti kitabaki kitupu."

Nimekubali nusu mkate. Nilitoka nikiruka, nikaanguka barafuni mbele ya mkahawa, wanaume wote wakaniona. Sijali!

Jumamosi, 6 Januari

Sikukuu ya Ubatizo. Padri ametupa msalaba mtoni, vijana wakaurukia, Argyris naye (katika baridi ile!). Hakuupata, amerudi wa buluu kama plamu. Nimemsugua kwa taulo mpaka rangi yake ikarudi. Kazi tamu.

Kutoka mtoni nilikwenda mbio kwa Evlampia na habari njema. Nikamsimulia yote, wakili Kalliroi, kicheko, mikono juu. Alicheka mahali pa kucheka. Halafu akasema, "Siji."

Nilidhani ananitania.

"Siku hiyo nina wageni," akasema. "Hujui? Tarehe nane wanaume wanakimbilia kwangu. Mimi peke yangu simwagi maji. Wanaleta watoto, wanaleta sufuria zao zilizoungua, nawapikia supu ya maharage, tunacheza tavli, ule mchezo wa kete. Nawafunga wote. Miaka mingi sasa. Nikija kwenu, nani atawalisha wale?"

Nikasema, shangazi, hiyo si sababu. Hapo akaniambia. Mwaka mmoja baada ya Argyris kuzaliwa, Mama Sultana alimshika mkono akamvusha barabara, akamfikisha mlangoni. Akawaambia wanawake, huyu ndiye miguu yangu, mnawisheni na yeye. Bibi harusi mwenye birika mwaka ule alikuwa bado Zafiro. Akaliweka birika chini. Akaanza ule wimbo, wa dizeli. Wakacheka wote. Evlampia akageuka.

"Alikuwa mtoto tu," akasema. "Aliogopa wenzake wasimcheke yeye. Sina kinyongo. Lakini wewe, bibi harusi, usinifungulie mlango ambao hukuufunga. Aje aliyeufunga."

Nimerudi polepole. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia neno kwa neno: aje aliyeufunga. Kisu kikasimama. Akaendelea kumenya. Alimenya viazi vya watu ishirini. Sisi tuko wanne.

Jumapili, 7 Januari

Ukuta tayari. Mwandiko wangu umetoka vizuri mno, Argyris anasema watu watasahau kutazama picha. Mama mkwe amepita mkahawani kukagua. Alisimama mbele ya ile ya mikono iliyokunjwa. Akauambia ukuta kwamba imepinda. Haikupinda. Akainyoosha, sasa imepinda.

Hakusema lolote juu ya kesho. Naogopa hata kumwuliza chumvi iko wapi.

Jumatatu, 8 Januari

Naandika jikoni mwa mkahawa, juu ya gunia la sukari, upande wa pili ngoma inatikisa vikombe. Lazima niandike sasa hivi la sivyo nitapasuka!

Asubuhi nilimfunga Argyris aproni. Yenye maua. Nikampa ufagio, nikampa busu, nikampa orodha ya maagizo kwa mdomo, akasema "ndiyo bibi" kwa kila kitu, huku macho yakicheka. Nilipotoka akanifuata mpaka kizingitini kunitazama, mguu mmoja nje. Mguu mmoja ni barabarani! Nikammwagia ndoo nzima. Mume wangu wa miezi mitatu! Mama mkwe akapiga makofi: "Sasa umeolewa kweli!" Neno la kwanza kuniambia mimi na siyo sufuria.

Mkahawa ulijaa. Tulikaa viti vya wanaume, tukapanua miguu kama wao, tukapiga meza tukidai kahawa na kubishana siasa. Mmoja akajifanya mumewe, anasinzia mdomo wazi. Tukamtambua mara moja. Kila mmoja alisimama mbele ya ukuta. Wajukuu wa mwalimu Theopisti walilia. Mbele ya picha za Evlampia watu walicheka kwanza, halafu wakapunguza sauti. Kwenye ile ya ushirika niliandika: *Bi Evlampia, siyo Bwana*. Bibi wa biskuti aliibusu.

Kisha ikaja saa ya kumchukua Babo. Mkokoteni umepambwa maridadi kwa pilipili nyekundu, wapiga zumari wako tayari, na hakuna anayejua tunakwenda wapi. Kwa desturi unakwenda, unamchukua, unarudi. Tumchukue nani? Wote wakamtazama mama mkwe. Akavaa koti. Akafunga vifungo, akakosea, akafungua, akafunga tena. Akatoka, akavuka barabara.

Tukamfuata, mimi mbele na birika, Kalliroi na taulo na sabuni, zumari likilia. Langoni kwa Evlampia mama mkwe akainua mkono, zumari likanyamaza. Madirishani wanaume wamebanana, wengine na aproni, mmoja ana mtoto begani na mwiko mkononi. Baba mkwe alikuwepo! Argyris pia, nywele bado zinatiririka.

Evlampia akatoka, mikono mikubwa imejaa unga wa mahindi. Akasimama ndani ya lango. Mama mkwe nje.

"Evlampia," mama mkwe akasema. "Mwaka ule niliweka birika chini."

"Nakumbuka."

"Nipe," mama mkwe akasema. Nilifikiri anaongea na Evlampia. Alikuwa anaongea na mimi. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Nikampa birika langu, heshima yangu niliyoiota wiki nzima, nikampa kwa furaha!

Akamimina. Maji mengi yakaingia kwenye viatu vya Evlampia. Evlampia akanawa taratibu, vidole, viganja, mpaka viwiko, kama mtu anayetoka kazini. Kalliroi alikuwa analia kiasi kwamba taulo alijifutia mwenyewe, ikabidi tumpokonye. Kutoka dirishani sauti ya mwanamume ikapiga kelele, "Maisha marefu, Babo!" na wanawake wote kwa pamoja tukageuka tukamzomea, nyamaza wewe, si siku yako!

Mama mkwe akasema, "Twende basi. Kiti kinakungoja."

Evlampia akatazama mkokoteni, akatazama sisi, mkahawa, picha zake zinazoonekana kupitia kioo. Akatikisa kichwa.

"Leo siwezi. Nina wajinga ishirini humo ndani na supu itaungua."

Wote wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Uso ulimshuka, masikini. Evlampia akaona. Akasogea karibu na lango, akasema chini kidogo, ila mimi nilikuwa karibu nikasikia:

"Zafiro. Leo kila mwanamke anaingia kila mahali. Mimi nataka siku ya kawaida. Nitakuja kwako, nyumbani, mlango wa mbele. Kabla mwezi haujaisha."

Akajifuta mikono, akaingia ndani. Tukasikia anawakaripia juu ya supu.

Mkokoteni tuliurudisha mtupu, tukicheza, sijui kama ni kushinda au kushindwa. Mimi nasema kushinda! Kalliroi anasema tusubiri. Sasa jioni wanacheza duara, meza zimesukumwa ukutani, kuna mtu kapanda juu ya moja. Mama mkwe peke yake hachezi. Amekaa karibu na kiti kitupu, anawaza. Mara moja alikuja huku jikoni, nikaficha daftari chini ya aproni.

"Lemonia, yule kahawa yake huwa anakunywaje? Chungu, ya wastani au tamu?"

Sikujua. Mimi alinipa pombe. Tukamwita Kalliroi, hajui. Bibi wa biskuti hajui. Tukauliza meza nzima, halafu meza zote, ngoma ikasimama kidogo. Nyumba ile iko hapo, hatua chache, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyewahi kumkaribisha kikombe. Wanaume wote wanajua.

"Nivuke nimwulize Argyris," nikasema.

"Leo? Kumwuliza mwanamume? Leo?" Akashtuka kama nimetukana. Halafu akafikiri. "Hapana. Wala kesho usiulize. Akija nitamwuliza mwenyewe."

Amerudi kukaa. Nimechungulia: anapangusa meza ambayo ni safi, midomo inacheza, kama anafanya mazoezi ya kukaribisha mgeni. Sasa ananiita tena, kwa sauti, juu ya zumari. Anataka nimhakikishie kama Januari ina siku thelathini au thelathini na —